Kichekesho cha Sitini na Moja

Kitabu cha uhasibu nilikilipia elfu nne
pale Posta, kando ya ukuta, vitabu vimelazwa juu ya turubai.
Muuzaji akanisukumia na hiki, kisicho na jalada:
"Cha vichekesho hicho, chukua bure.
Hakichekeshi tena."

Usiku ule Buguruni umeme ulikatika saa mbili.
Tukatoka barazani na tochi ya simu ya Sijali,
nikasoma kwa sauti, kama mtu asomaye wosia.

Cha kwanza: mgeni katoka bara, kafika Dar na kikapu.
"Shemeji yuko wapi?"
"Yuko uani, amekalia mbuzi."
Mgeni mbio uani, akamwokoe mnyama!

Bi Mwanakheri akacheka, kiganja mdomoni.
Nasra, miaka kumi na mitatu, akatutazama mmoja mmoja.
"Sasa kwa nini amkalie?"
"Hamkalii, mwanangu. Anaikalia."
Akaingia ndani, akapapasa chini ya kitanda,
akatoka na mbuzi yake, ulimi umeota kutu,
mguu mmoja umefungwa kamba ya katani,
akaikalia pale pale gizani, akakuna hewa.
"Nazi," akasema. "Kabla ya tui la pakiti."
Nasra akacheka, ila alimcheka bibi.
Tukakubaliana kuwa kimehesabika.

Cha tisa kina bahili aliyekwenda posta kupiga simu ya maandishi
enzi ambazo kila neno lilikuwa na bei yake.
Nukta nayo ililipiwa, akaikataa.
Kwao ikafika: MAMA AMEKULA KUKU AMEKUFA.
Ukoo mzima ukaja na sanda,
wakamkuta mama anachambua mchele.
"Si angetuma voisi?" akasema Sijali,
na hapo ndipo tulipocheka.

Kisha cha sitini na moja. Nakinukuu chote:

Mteja: Na hii ya pili ni ya nani?
Karani: Basi, chukua na kofia!

Mwisho. Pembeni mtu ameandika kwa penseli, KWELI KABISA,
amekandamiza mpaka maneno yametokeza ukurasa wa nyuma.

Nikasoma tena, polepole.
Nikasoma kwa sauti ya karani mwenye mafua.
Sijali akasema ni siasa, kofia ni cheo.
Bi Mwanakheri: wapi, huyo wa pili ni mke.
Nasra akasema mchapaji alichanganya miisho,
kwa hiyo mahali fulani humu kuna kichekesho cha kofia
kinachotembea na mwisho wa mwenzake.
Tukakisaka kitabu kizima. Chaji ikafika asilimia sita.
Hakuna kofia nyingine.

Tukampigia Mwinyimkuu, kaka yake Bi Mwanakheri, Mbagala,
aliyekuwa karani wa bohari miaka hiyo.
Nikamsomea. Kimya.
Kisha kicheko kikaanza kwa chini,
kama pipa tupu linalobingirishwa kutoka mtaa wa pili,
kikaja, kikapanda, kikaingia kikohozi ndani yake,
"Yarabi, chukua na kofia!"
Salio likakata.

Asubuhi tukamuuliza. Akafikiri kweli kweli.
"Jana nilikuwa nacho," akasema.
"Leo kimetoka."

Uhasibu wangu ukarudi mezani,
kitabu kikawekwa chini ya mguu wa kabati usiofika sakafu.

Jumatatu akaja msoma mita wa maji,
kijana mpole, begi begani,
akanikabidhi karatasi mbili.
Nikatazama ya juu, nikatazama ya chini,
nikauliza, wallahi bila nia yoyote:
"Na hii ya pili ni ya nani?"

Dirishani kwa Nasra, pazia likatikisika.
"Basi, chukua na kofia!"

Bi Mwanakheri aliketi chini, na sufuria mkononi.
Sijali alishikilia nguzo. Mimi sikuona vizuri, machozi.
Na yule kijana, katikati ya ua,
akainua mkono taratibu,
akaishika kofia yake.